Kioo Sebuleni

Kinyozi alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mzito. Wateja walisinzia chini ya mkono wake. Mdomo wake ndio uliohitaji kusukumwa. Barabarani alisalimia kwa nyusi. Msibani alikaa karibu na mlango. Mtu akimkabili uso kwa uso, maneno yalimkwama kooni, akabaki anatazama vifungo vya shati la mwenzake kama anayetaka kuvinunua.

Lakini akishasimama nyuma ya kiti chake, mteja amefungwa kitambaa shingoni na wote wawili wanatazama kioo, ulimi ulifunguka. Si kwamba aligeuka mpiga domo. Aliongea tu kama watu wengine. Alisema na mtu wa kwenye kioo, na mtu wa kwenye kioo hakumtisha. Hata mkewe alimposa hivyohivyo. Msichana alikuwa amemleta mdogo wake kunyolewa, akasimama nyuma ya kinyozi karibu na mlango, anaonekana kwenye kona ya kioo, na kinyozi akazungumza na ile kona mpaka mambo yakaeleweka. Mkewe mpaka leo husimulia kwamba alichumbiwa na mtu aliyempa mgongo.

Binti yao wa pekee alikulia kwenye kiti hicho. Shule alizosoma zilitaka wasichana wanyoe, basi kila nywele zake zilipoanza kushika kichana, alikwenda kibandani kwa baba yake. Huko ndiko walikozungumza. Nyumbani walisalimiana na kupishana kama wapangaji wanaoheshimiana. Kitini aliulizwa habari za masomo, akaambiwa kwamba nyumba inahamwa, akaambiwa kwamba jinsi alivyomjibu mama yake juzi imesikika na isirudiwe. Mambo ya kawaida yalingoja zamu ya kunyoa. Mambo mazito hayakungoja. Bibi yake alipofariki aliitwa kitini wakati kichwa hakina hata cha kunyolewa, na baba yake akapitisha mashine hewani muda mrefu kabla ya kusema. Tangu siku hiyo, akiitwa kabla ya wakati wake, alitembea kwenda kibandani huku anawapitia ndugu mmoja mmoja kichwani, anatafuta ni nani.

Halafu shule ikaisha na sheria ya kunyoa ikaisha nayo. Binti akafuga nywele. Zilipotosha kushikika akaenda kwa msusi, milango michache kutoka kwa kinyozi, akasukwa, akatoka amekuwa mtu mwingine mwenye masikio yaleyale. Matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu, na chuo kikamchukua, chuo cha mbali, basi la kwenda huko huondoka asubuhi na kufika watu wamelala. Kinyozi alimshukuru Mungu kwa matokeo hayo. Alikuwa amefurahi kweli, na alikuwa amepoteza mteja.

Maandalizi ya safari yalianza kwa mama. Mama alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mwanamke wa sauti kubwa na mwiko mrefu, na aliapa kwamba mtoto wake hataondoka kabla hajajua kupika. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe alijua kupikia shule nzima tu. Kupikia mtu mmoja hakukuwahi kumhusu.

"Maharage," alimwambia binti jikoni, "unachagua mawe kwenye gunia kwanza."

"Mama, huko nitakuwa peke yangu."

"Basi nusu gunia."

"Mama."

"Haya, chukua ndoo. Chini ya ndoo sijui maji yanakaaje."

Walipika ndoo ya maharage. Walikula, wakawapelekea jirani wa kulia, jirani wa kushoto, na mwenye nyumba, ambaye aliuliza kama kuna msiba. Kesho yake mama akafundisha wali. Mwenye nyumba hakuuliza tena, alileta sufuria yake.

Kinyozi hakuwa na la kufundisha. Alikuwa na neno moja la kusema.

Neno hilo lilimjia kazini. Mtaa mzima ulikuwa na habari za chuo, na kila aliyekaa kitini alikuwa na ujumbe wa kumpa binti. Mwambie asituangushe. Mwambie macho yetu yote yako kwake. Mwambie tukimwona tena awe bosi. Waliokutana naye barabarani walimwambia wenyewe, na binti alijibu "ndiyo" na "asante" kila mara, akiinama kidogo zaidi kila mara, kama mtu anayepakiwa mizigo.

Aliyesema kuliko wote alikuwa fundi baiskeli, mwenye kibanda ng'ambo ya barabara. Huyu alikuja kunyoa ndevu hata zisipokuwepo.

"Huyo ndiye atakayetutoa," alisema akiwa na povu la sabuni kidevuni. "Mwambie asirudi mikono mitupu. Bora asirudi."

Wembe wa kinyozi ukaendelea. Ni fundi baiskeli huyuhuyu aliyemweleza zamani, kitini hapohapo, kwa sauti ya chini, habari za mpwa wake. Kijana alikwenda chuo, masomo yakamshinda mwaka wa kwanza, akaona haya kurudi. Akabaki mji uleule akibeba mizigo sokoni, na kila likizo anapiga simu kusema ana mitihani. Nyumbani wakaendelea kumngoja arudi akiwa daktari. Siku walipokwenda kumtembelea bila taarifa, ndipo akatoroka kabisa, na hawajui yuko wapi.

Fundi baiskeli alionekana kuisahau habari hiyo. Kinyozi hakuisahau. Aliwanyoa wote waliosema "asituangushe", na kadiri alivyowanyoa ndivyo alivyoona kwamba hakuna hata mmoja aliyemwambia mtoto kuwa akishindwa aje nyumbani. Mkewe hakuwa mtu wa kusema hivyo, kwa kuwa kwake yeye kushindwa hakukuwemo katika mambo yanayotokea. Basi alibaki yeye, na alikuwa hana kiti.

Alijaribu bila kiti. Alimkuta binti anapiga pasi, akasimama mbele yake.

"Mwanangu."

"Naam, baba."

"Hiyo pasi ina moto?"

"Ina moto, baba."

"Haya."

Siku nyingine alijaribu kumwendea kwa nyuma, labda tatizo ni uso tu. Binti alikuwa anaosha vyombo. Alihisi mtu mgongoni, akashtuka, kikombe kikavunjika. Kinyozi akaokota vipande na kuvitupa, na hiyo ikawa shughuli ya jioni hiyo.

Mkewe aliyaona yote.

"Una nini wewe?"

"Sina kitu."

"Unamzunguka mtoto kama nzi. Una neno naye?"

"Dogo tu."

"Nipe mimi nimfikishie."

Kinyozi alilifikiria. Mkewe alikuwa mjumbe mwaminifu, lakini hakuwa na kipimo kidogo katika jambo lolote. Neno likipita kwake lingemfikia binti limeshaiva, limetiwa mafuta, na linatosha shule nzima.

"Nitamwambia mwenyewe."

"Lini? Akishazeeka?"

Ndipo kinyozi akapata wazo. Kama binti hakai tena mbele ya kioo, kioo kitakwenda kukaa mbele ya binti. Asubuhi moja alifungua skrubu za kioo kikubwa cha kibandani, akakibeba begani kupita mtaani, watu wakijiona wanapita naye, akakitundika sebuleni mkabala na kiti ambacho binti hupenda kukalia.

"Hiki cha nini?" mkewe aliuliza.

"Sebule ilikuwa na giza."

Mkewe alijitazama, akatazama nyuma yake, akajitazama tena. "Sasa tuko wawili," alisema. "Utatuweza?"

Siku hiyohiyo dada yake mama alikuja kumuaga mtoto. Aliketi mbele ya kioo na sahani ya maharage, akajiona anatafuna. Akapunguza mwendo. Akajiona tena. Akaweka sahani chini, akasema ana haraka.

Jioni binti alirudi kutoka dukani. Alifika mlangoni mwa sebule akakuta kioo cha kazini kiko ukutani, kiti kiko mbele yake, na baba yake amesimama nyuma ya kiti, mikono haina pa kwenda. Uso ulimshuka.

"Karibu ukae," kinyozi alisema.

"Nimeshiba," alisema binti, na chakula kilikuwa hakijaiva bado.

Tangu hapo hakukanyaga sebuleni. Alikula jikoni, akapita uani, akaaga kwa sauti kutoka mbali. Kinyozi alikaa jioni nzima na yule mtu wa kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza hawakuwa na la kuambiana. Alidhani binti amemkinai. Aliona ni haki yake, mtu mwenye nywele ndefu na chuo, kumkinai baba anayesimama nyuma ya viti.

Kazini nako kuliharibika. Mbele ya kiti palibaki ukuta na matundu ya skrubu. Wateja walinyolewa kwa imani, na kwa kuwa kinyozi hakuwa na wa kumtazama, hakusema kitu. Wengine waliona ukimya ule mzito wakaanza kujiuliza wenyewe maswali na kujijibu.

"Kinyozi," fundi baiskeli alisema siku ya mwisho kabla ya safari, kitambaa kikiwa shingoni na shavu moja likiwa limenyolewa, "nitajuaje kama umenimaliza?"

"Nitakwambia."

"Na nikitoka kama kuku aliyenyonyolewa?"

"Nitakwambia pia."

Hapo mlango ukajaa. Alikuwa msusi, mama mnene mwenye kichana kimechomekwa nyweleni mwake, na hakuwahi kuingia kibandani humo tangu waanze kuwa majirani.

"Kaka kinyozi."

"Dada," kinyozi aliuambia ukuta.

"Unamkataza mtoto kwenda chuo?"

Wembe ulisimama. Fundi baiskeli alifumba macho kwa tahadhari.

"Nani kasema?"

"Nakuuliza wewe. Mtoto analia kitini kwangu mpaka nywele zinaniteleza. Anasema baba amehamisha kioo, na kwao kikitafutwa kioo kabla ya wakati basi jambo limeharibika. Ama wewe unaumwa, ama umebadili mawazo unataka abaki. Ameamua asikae hapo usipate kusema. Anasema akishapanda basi imekwisha, utakuwa umechelewa."

Kinyozi alitazama matundu ya skrubu. Hakuwa na habari kwamba kiti chake kilikuwa na sifa hiyo. Miaka yote alidhani anampa mtoto mazungumzo.

"Yuko wapi sasa?"

"Kwangu. Nimesuka upande mmoja. Upande wa pili nimesema naenda kununua uzi." Msusi akaonyesha mikono mitupu. "Na siwezi kukaa nikinunua uzi mpaka jioni."

Kinyozi aliweka wembe juu ya meza. "Usiguse kitu," alimwambia fundi baiskeli, akatoka. Fundi baiskeli hakuwa mtu wa kubaki nyuma ya habari. Alifuata na kitambaa chake shingoni na povu kwenye shavu moja.

Saluni ya msusi ilikuwa na wanawake kila pembe: mmoja anaoshwa, mwingine yuko chini ya mashine ya kukaushia, wengine wanangoja na wengine hawangoji kitu. Mwanaume hakuwahi kuingia humo ila aliyekuja kurekebisha umeme. Kinyozi aliingia akitazama sakafu mpaka akafika nyuma ya kiti cha katikati, ndipo akainua macho. Binti alikuwa kwenye kioo. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa vizuri, nusu imesimama wima kama iliyosikia habari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Niambie tu," binti alisema. "Ni nani?"

"Hakuna mtu."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi unataka nisiende."

"Unakwenda. Kesho asubuhi, begi lako mama amelifunga na kulifungua mpaka zipu imelegea."

Binti alikunja uso. Mtu mmoja alizima mashine ya kukaushia, si kwa ajili ya nywele. Kinyozi alisikia kimya hicho mgongoni, masikio yakamwaka, lakini kioo kilikuwa kioo. Akashika mgongo wa kiti.

"Watu wote wamekwambia usishindwe," alisema. "Najua, mimi ndiye ninayewanyoa. Wanasema vizuri. Na mimi nataka ufaulu, usidhani sitaki. Lakini nilitaka kusema hivi. Ukifika huko ukaona hakukufai, au kumekushinda, rudi. Usikae huko unajificha kwa kuona haya. Usitudanganye kwenye simu. Panda basi uje. Mlango ni uleule, na hakuna atakayekuuliza kitu njiani. Atakayekuuliza, kuna siku atakuja kunyoa."

Mwanamke aliyekuwa anaoshwa alicheka, akaingiwa na maji puani. Mlangoni fundi baiskeli alikuwa amesimama na shavu lake la povu. Hakucheka. Alishika fundo la kitambaa shingoni, akawa analihangaikia kama linambana, kisha akageuka akavuka barabara kurudi kibandani kumngoja.

"Ndiyo habari yenyewe?" binti aliuliza.

"Ndiyo."

"Hakuna nyingine nyuma yake?"

"Hakuna. Hiyo peke yake imenichosha."

Binti akafanya jambo ambalo kinyozi, katika kazi yake yote, aliwakataza watu kulifanya. Aligeuka kitini. Wakawa wametazamana, hakuna kioo kati yao, na gauni lake halikuwa na vifungo.

"Na ninyi je?" aliuliza.

"Sisi nini?"

"Mkishindwa kukaa wenyewe. Mtakwenda wapi?"

"Mama yako ataweza."

"Nimekuuliza wewe."

"Mimi nitakuwa kazini."

"Na jioni?"

"Jioni," kinyozi alisema, akaliacha neno likae hapo. Macho yalitafuta pa kutua, yakatua kwenye misuko. Akanyoosha kidole akaigusa juu ya sikio. "Upande huu amekaza mno. Utaumwa na kichwa njiani."

"Toka kwenye saluni yangu," alisema msusi nyuma yake, naye alikuwa ameingia bila uzi wowote. Lakini binti alikuwa amekishika kile kidole, akakishikilia, na kinyozi hakutoka mpaka alipoachiwa.

Alikwenda akammalizia fundi baiskeli lile shavu la pili. Alipomfungua kitambaa, fundi baiskeli alikaa bado kidogo akitazama ukuta, akauliza kama mtu akitaka kumtafuta kijana aliyepotelea mjini anaanzia wapi. Kinyozi alisema hajui, labda sokoni kwa wapagazi. Fundi baiskeli akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Nyumbani alimkuta mkewe chumbani kwa binti, begi limefunguliwa tena, nguo zote ziko kitandani. Alikuwa ameshika shuka jipya, analitafutia namna ya kuingia.

"Umemwambia?" aliuliza bila kugeuka.

"Nimemwambia."

"Wapi?"

"Saluni."

Mkewe aligeuka. "Mbele ya wale wanawake wote?"

"Na fundi baiskeli."

Alimtazama kwa muda, juu mpaka chini, kama anayehakikisha ni yeye. "Ulimwambia nini?"

"Kwamba akishindwa arudi."

Kinyozi alingoja maneno. Mkewe alikuwa na maneno ya kutosha kwa jambo kama hilo, na sufuria ya kuyapikia. Lakini aliketi kitandani juu ya nguo zilizokunjwa, shuka likiwa magotini.

"Akasemaje?"

"Ameuliza kama sisi tutaweza kukaa wenyewe."

"Ukajibu nini?"

"Nikasema wewe utaweza."

Uani jirani wa kushoto alikuwa anagonga sufuria, anauliza kama leo kuna kitu.

"Nani kakwambia mimi nitaweza?" mkewe alisema.

Kinyozi alisimama mbele yake. Aliona kwamba alikuwa anamtazama usoni, na kwamba macho ya mkewe yalikuwa yamevimba tangu muda mrefu, labda tangu ile ndoo ya kwanza ya maharage.

"Hakuna," alisema. "Nilisema tu."

Mkewe alijifuta uso kwa shuka la chuo, akalitazama, akaona limeingia doa dogo la maji ambalo litakauka. Akainuka, akalikung'uta, akamrushia ncha mbili.

"Basi shika huku," alisema. "Na usilegeze."